Uso Mpya wa Gari Kuukuu

Grili ya mbele ya gari ilifika saa sita mchana, imefungwa kwa magazeti na kamba ya katani, juu ya pikipiki. Mwenye pikipiki hakushuka. Alipiga honi mara mbili, akaipitisha dirishani kama mtu anayepokezana sahani, akageuza na kuondoka na vumbi lake. Fundi, mshona nguo wa mtaa, aliilaza juu ya meza ya kukatia, katikati ya sketi za shule zilizokuwa zikingoja mapindo, akaikata kamba kwa mkasi wa nyuzi. Ilikuwa nyeusi, na fremu yake iling'aa kama kijiko kipya. Aliifuta kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, kisha akaita kuelekea uani, "Baba, imekuja."

Mumewe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anatazama ukuta wa jirani. Mtaa mzima ulimwita Taratibu, kwa sababu ya uendeshaji wake. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa dereva wa ofisi katika kiwanda cha mabati, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Kiwanda kilipofungwa, badala ya kiinua mgongo alipewa gari lile lile alilokuwa akiliendesha, gari lenye umri wa kuweza kuoa, pamoja na barua ya shukrani. Sasa ilikuwa miezi kumi na moja yuko nyumbani. Na wiki mbili zilizopita, mchana kweupe, akiingia uani kwake mwenyewe, alilibamiza gari kwenye nguzo ya lango. Hakuna aliyemkimbiza wala aliyemwita. Alisema aliiona nguzo inakuja, mguu ukachelewa.

Taa zilipona, bampa likapata mkwaruzo tu, lakini grili ile ya kiwandani ilivunjika vipande vipande na gari likabaki kibogoyo. Ndipo ikaja habari kwamba hoteli kubwa iliyo ng'ambo ya mji inatafuta magari ya kubebea wageni. Taratibu alilipeleka. Wakaikagua injini wakairidhia, wakavitazama viti wakavisifu, kisha wakasimama mbele ya lile pengo na kutikisa kichwa. Aliambiwa arudi Alhamisi saa tatu asubuhi, gari likiwa na uso wa kueleweka. Baada ya hapo nafasi zinafungwa. Gereji walisema foleni yao inafika Jumatatu. Na leo ilikuwa Jumatano.

Kwa Fundi, jambo lilikuwa moja tu. Alitaka mumewe awe na mahali pa kwenda asubuhi. Alikuwa amechoka kumsikia akiamka saa kumi na moja alfajiri kama zamani, akinyoa ndevu, akivaa shati lililopigwa pasi, halafu akivuta mlango wa nyuma na kukaa kwenye ngazi. Hagombi wala hanung'uniki. Ukimwekea chakula anakula. Ukisahau kumwekea, hadai.

Taratibu alinyanyuka, akaja kuitazama grili pale mezani. Aliigusa kwa kidole kimoja.

"Ni nzuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bango.

*

Walianza kazi baada ya chakula cha mchana, gari likiwa kwenye kivuli cha nyumba. Kinyozi, mdogo wake Fundi, alifunga duka lake na kuja kusaidia, na msaada wake ulikuwa kuigeuza ndoo na kuikalia. Yeye ndiye aliyeleta habari ya hoteli, maana aliipata kwa askari wa geti la huko akiwa anamnyoa, kwa hiyo alijiona kama mkubwa wa shughuli.

Taratibu alifungua boneti, akaisimamisha kwa fimbo yake. Akang'oa klipu za plastiki zilizoshika kifuniko cha juu ya rejeta, moja baada ya nyingine, akizizungusha kwa bisibisi bapa bila kuvunja hata moja. Zilikuwa tisa. Fundi alikuwa amechukua lile kopo lake la vifungo lenye vyumba vyumba, akamwaga vifungo vyote kwenye bakuli, na kila kilichotoka kwenye gari alikitia katika chumba chake: klipu za juu huku, skrubu ndefu za pembeni kule, fupi za chini pale. Mumewe akitoa kitu, ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mkono wa mkewe uko tayari. Hawakuhitaji kusemezana. Anayewaona kwa mbali angedhani ni nyumba yenye furaha.

Kinyozi alisema kwamba hilo gari lilivyopanua kinywa, likifika hotelini litaomba maji kabla ya wageni. Akasema pia kwamba yeye akinyoa kichwa nusu na kukiacha, mteja hamlipi, lakini shemeji yake ameliendesha gari lisilo na meno wiki mbili nzima na hakuna aliyemwambia kitu, ndiyo raha ya kuwa na heshima mtaani. Zamani Taratibu angemrudishia mbili kwa moja, maana mashemeji hawa walikuwa hawaachiani. Leo alisema, "Nipe spana namba kumi." Kinyozi akampa, akarudi kwenye ndoo yake.

Bampa lilitaka watu wawili. Taratibu alilegeza skrubu zilizo ndani ya matao ya magurudumu, akalala chini na kufungua za tumboni, kisha yeye akashika upande wa kulia na Fundi wa kushoto. Walivuta pamoja. Lilitoka na mlio wa kitu kinachochanika, Fundi akashtuka, mumewe akasema ndivyo linavyolia. Wakalilaza juu ya godoro kuukuu ili lisikwaruzike tena. Mabaki ya grili ya zamani yakatolewa, na nembo ya gari, duara pana kama kisahani cha kikombe, ikawekwa pembeni kwa kuwa ilikuwa nzima.

Kisha Taratibu aliichukua grili mpya, akapiga magoti, akaiingiza kwenye nafasi yake.

Haikuingia.

Akaigeuza juu chini, ikakataa. Akaweka sikio la kushoto mahali pake, la kulia likapanda juu ya taa. Akaweka la kulia, la kushoto likatoka nje. Masikio hayo ndiyo yenye matundu ya skrubu, na yasipokaa mahali pake grili haishikwi na kitu. Hakuisukuma kwa nguvu. Aliishika tu mbele ya gari, kama mtu anayemshikia mwenzake nguo dukani, akasema imezidi.

"Imezidi kiasi gani?" Kinyozi aliuliza.

"Vidole viwili huku, viwili huku."

Fundi alikuwa amesimama na kopo la vifungo kifuani. Alisikia hesabu ile, akaishika tepu iliyoning'inia shingoni.

Siku muuza vipuri alipopigiwa simu, aliwaambia kwamba za gari la umri huo haziji tena, ila wao wana fundi anayetengeneza kwa kipimo, basi wampe upana wa uwazi, kimo chake wanakijua. Taratibu alikuwa amejilaza ameelekea ukutani. Alipoambiwa, alisema, "Kapime wewe." Fundi akavuta tepu yake shingoni, akatoka, akapima. Inchi thelathini na tatu. Na mkono wake ukaandika thelathini na tano.

Hakukosea kusoma. Aliongeza inchi moja kila upande, akiba ya mshono, kama alivyoongeza kwenye kila kitambaa alichopima tangu ana miaka kumi na sita. Kipimo chochote kinachopita mikononi mwake huongezewa, kwa sababu nguo isiyo na akiba haishoneki. Hakukumbuka kwamba plastiki haipindwi kwa ndani.

Alimwambia mumewe hivyo hivyo, hapo hapo, mbele ya mdogo wake. Hakutafuta pa kujificha. Kinyozi alifungua kinywa acheke, akaona uso wa dada yake, akajifanya anakohoa.

Taratibu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi," alisema.

"Basi nini?"

"Basi. Imeshatokea."

"Ni mimi niliyeharibu, baba. Kesho ni saa tatu."

"Najua."

"Nigombeze basi."

Alimtazama mkewe, na ilikuwa kweli anatafuta, kama mtu anayejipapasa mifukoni. Hakukuta kitu. Akaiegemeza grili kwenye gurudumu, akaanza kufuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na Fundi akaona kwamba mumewe keshamaliza. Atarudisha bampa bila grili, ataoga, atakwenda kukaa kwenye ngazi. Na kesho atakaa hapo. Na kesho kutwa.

*

Muuza vipuri alipopigiwa, alisema kitu kilichokatwa kwa kipimo cha mtu hawezi kumuuzia mwingine, na kutengeneza nyingine ni siku nne. Alikuwa na adabu, lakini alikuwa na wateja dukani na ilisikika. Kabla ya kukata alisema mama amwambie mzee aikate kwa msumeno, ni plastiki tu.

Kinyozi alisema haya, ikatwe, kila upande vidole viwili. Taratibu akamjibu, bila kuinua kichwa, kwamba wakikata pembeni wanakata masikio, na bila masikio hakuna pa kufunga. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema siku hiyo.

Fundi alirudi ndani. Akakaa mbele ya cherehani yake, hakushona. Mezani palikuwa na gauni la mwalimu wa shule ya jirani, aliyepungua baada ya kuugua na kuomba apunguziwe. Lile gauni Fundi alikuwa hakuligusa pembeni hata kidogo, kwa sababu pembeni pana mifuko na zipu. Alikuwa amelifumua mgongoni, katikati, akapunguza humo kitambaa alichotaka, akafunga. Ukilitazama kwa mbele hujui kama limeguswa.

Alitoka nje upesi hata akaacha ndara moja.

"Tuipunguze katikati," alisema. "Masikio tuyaache. Tukate kipande cha inchi mbili hapa kati, tuziunge pande mbili, na ile nembo ikae juu ya mshono."

Kinyozi alitazama nembo. Akaipima kwa kiganja. "Dada," akasema polepole, "wewe ulipaswa kuwa daktari wa kupasua watu."

Taratibu aliikalisha grili mapajani, akapitisha kidole gumba katikati yake mara mbili tatu. Ilikuwa na vipapi saba vya kulala, kila kimoja kinene kama penseli, na fremu juu na chini. Alisema itakatika, ila itataka kitu cha kuishika kwa nyuma, chuma chembamba na kilichonyooka, la sivyo itakunjika kama kitabu upepo ukiipiga barabarani. Walitafuta. Bati la kopo lilikuwa laini mno. Kipande cha kitasa kilikuwa kifupi. Fundi akaingia tena ndani, akatoka na rula yake.

Ilikuwa rula ya chuma, ya inchi kumi na mbili, namba zake zimefutika upande mmoja kwa sababu ya kushikwa. Aliinunua alipomaliza kujifunza kazi. Chaki haijawahi kupita penye mstari ulionyooka katika nyumba ile bila rula hiyo kuwepo.

"Hiyo ya kazi," Taratibu alisema.

"Nitanunua ya mbao."

Taratibu aliikata grili mwenyewe, kwa msumeno wa chuma, Fundi akiwa amechora mistari miwili kwa chaki nyeupe na kushikilia upande mmoja, Kinyozi mwingine. Msumeno ulikwenda taratibu, unga mweusi ukadondoka magotini mwake. Kipande cha inchi mbili kikaanguka chini. Akalainisha kingo kwa tupa, akazikutanisha, zikabaki na mwanya wa unywele. Akaikata rula vipande viwili, akavitoboa na kuvifunga kwa nyuma, kimoja juu na kimoja chini, kwa boliti ndogo nane, akizikaza kwa zamu ili plastiki isipasuke. Kisha nembo ikawekwa mbele, ikafunika mshono wote isipokuwa ncha ya juu na ya chini, ambapo Fundi alipaka rangi ya kucha ya fedha aliyoazima kwa jirani, kwa brashi yake ile ndogo, ulimi ukiwa nje kwenye pembe ya mdomo.

Saa kumi na moja jioni bampa lilikuwa limerudi. Klipu tisa zikaingia kwenye matundu yake tisa, skrubu zote zikaisha kwenye kopo, hata moja haikubaki, jambo ambalo Kinyozi alisema hajawahi kuliona kwenye gereji yoyote. Walirudi nyuma hatua nne, watatu kwa pamoja. Gari lilikuwa na uso. Si ule wa zamani, lakini ulikuwa uso, tena wa kujiona kidogo.

"Linanitazama vibaya," Kinyozi akasema. "Limeshaanza dharau za hoteli."

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Alipomgeukia mumewe, alikuwa ameinama, anaokota unga wa plastiki kwa kiganja, punje kwa punje, ili kuku wa jirani wasile.

*

Asubuhi Taratibu aliondoka saa moja na nusu. Fundi alisimama langoni mpaka gari lilipokata kona, na alipoingia ndani alikuta ngazi ya nyuma iko tupu, akaitazama kitambo.

Hotelini askari wa geti alilizunguka gari na kioo cha kuangalia chini, akamwelekeza aegeshe juani pamoja na mengine, akamwambia hawaruhusiwi kungojea kivulini, huko ni kwa wageni. Palikuwa na magari manne, yote mapya kuliko lake, na madereva wake wamevaa miwani. Mmoja alimuuliza kama amemleta bosi wake. Taratibu alisema hapana. Alisubiri saa moja na robo, amesimama, maana kiti cha gari kilikuwa kimeshika moto.

Mkuu wa usafiri alikuwa mwanamke wa umri wa kuweza kuwa binti yake, ana daftari mkononi na kadi shingoni. Alimwinamia kidogo kwa heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Alikwenda moja kwa moja mbele ya gari. Akainama. Akagonga grili kwa kucha, akavuta sikio la kushoto, la kulia, akapitisha mkono juu ya nembo. Taratibu alikuwa akiutazama ule mkono, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi alihisi moyo unapiga.

"Umefungia gereji gani?"

"Nyumbani. Mimi na mke wangu."

"Nyumbani?" Akamtazama upya. "Imekaa vizuri sana, mzee wangu. Hongera. Gari limepita."

Akaandika. Akamwambia mkataba ni wa miezi sita, malipo kila mwisho wa mwezi, matengenezo madogo ni ya hoteli. Akamwonyesha mahali pa kutia sahihi, Taratibu akatia. Kisha Taratibu akauliza lini ataanza, na avae sare ya namna gani.

Mkuu wa usafiri alifunga kalamu yake.

"Mzee, tunachukua gari. Madereva tunao wa kwetu. Na hata ningetaka, hapa mwisho ni miaka hamsini. Wazee wetu tunawapumzisha." Alisema kwa upole, kama anayempa mtu kiti. "Wewe kaa nyumbani, gari likuletee. Si ndiyo vizuri zaidi? Una neno?"

Taratibu alitazama daftari, palipokuwa na sahihi yake.

"Sina," alisema. "Sawa."

Akaitwa dereva, mwanaume wa miaka thelathini na ushei, mwenye tai. Taratibu alimpa ufunguo. Akatoa vitu vyake kwenye gari: mwavuli, kitambaa cha kufutia kioo, na mto wa kiti ambao Fundi alimshonea. Halafu, akiwa ameukumbatia mto, alianza kumweleza yule dereva mambo ya gari, kuhusu gia, kuhusu mlango wa nyuma, kuhusu grili kwamba asiruhusu waioshe kwa maji ya nguvu. Dereva alisema sawa mzee, sawa mzee, huku anasogeza kiti mbele na kurekebisha vioo. Alipowasha, alikanyaga mafuta sana. Likaondoka hivyo hivyo.

*

Alirudi kwa miguu, mwendo wa saa mbili. Kinyozi alimwona kutoka mlangoni mwa duka lake, mteja akiwa na povu mashavuni, akamuuliza kwa sauti gari liko wapi.

"Limepata kazi."

Kinyozi alijipiga paja kwa furaha, akamwambia mteja wake huyo ni shemeji yake, na gari lile lilipopasuliwa na kushonwa yeye alikuwepo. Akauliza sherehe ni lini. Kisha akauona mto chini ya kwapa. Wembe ukabaki hewani. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha, maana hakuwa na namna nyingine ya kusema, lakini hakikuja, akasema tu, "Pita basi, shemeji, nikupe maji." Taratibu alishukuru, akaendelea na njia yake.

Fundi alimsikia langoni. Alikuwa amesikiliza injini tangu saa tano, kwa hiyo alipoisikia hatua ya mguu alijua kabla hajainua uso. Alimwacha aingie, aweke mto juu ya kiti, mwavuli kwenye pembe.

"Wamelikataa?"

"Wamelikubali. Grili imesifiwa."

"Na wewe?"

"Wana wao."

Alimsimulia kwa maneno machache, umri, mkataba, tai. Akasema fedha zitakuja kila mwisho wa mwezi, atakabidhiwa yeye Fundi, akitaka anunue cherehani ya umeme. Alisema yote hayo kwa mfululizo, sauti moja, kama anayehesabu nguo za dobi.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sawa."

Fundi aliweka chini sketi aliyokuwa nayo. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, akasema atakwenda kesho mwenyewe na ule mkataba wao, atawaambia gari halikuja bila mwenyewe, atalirudisha hata kwa kusukuma. Watamtambua tu.

"Usiende," mumewe akasema.

"Kwa nini nisiende?"

"Lina kazi. Liache lifanye."

Alikaa kwenye kiti kando ya cherehani, si kwenye ngazi. Miguu ilikuwa imevimba. Alitazama viatu vyake, na alipoongea alikuwa kana kwamba anaendelea na mazungumzo yaliyoanzia mahali pengine.

"Nilimweleza yule kijana. Gia ya pili huwezi kuitia moja kwa moja, lazima uipitishe katikati, uisubiri, ikubali yenyewe. Mlango wa nyuma kulia unafungwa kwa kuunyanyua. Breki zikilia asubuhi si ugonjwa, ni umande. Ukipanda mlima na watu wanne, zima kipoza hewa kabla ya mlima, si katikati. Sauti ile ya chini kama mtu anajikuna, ni kinga ya joto, haina shida, mimi nimeisikia miaka tisa." Akalegeza kamba ya kiatu. "Hakuuliza hata swali moja."

Fundi aliinua mguu kwenye kanyagio la cherehani. Gurudumu lilizunguka kidogo, likasimama. Nje, kwenye kivuli cha nyumba, palikuwa na mraba wa ardhi kavu yenye doa la oili.

"Nieleze mimi," akasema.

"Wewe? Hujui kuendesha."

"Nieleze tu."

"Ya nini sasa, mama?"

Fundi alinyanyuka. Alivuta kiti chake, akakigeuza, akamwelekea, mikono mapajani, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Taratibu alimtazama. Kitu kikatembea usoni mwake, kikarudi kilikotoka, kikatokeza tena.

"Ukiwasha asubuhi," alianza, na mkono wake wa kulia ukanyooka wenyewe mbele, ukazungusha ufunguo ambao haukuwepo, "usiguse mafuta kwanza. Liache lipumue. Subiri."

Fundi akasubiri.